Ugonjwa Usio na Jina: Maikro-RNA na Usomaji wa Klamidia Mwilini

Utangulizi

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya magonjwa ya zinaa. Kaswende, ambayo pia huitwa sekeneko, kisonono na pangusa ni maneno yaliyomo katika kamusi zetu na vinywani mwa watu tangu zamani. Hata hivyo, ugonjwa wa zinaa wa bakteria unaoenea kuliko hayo yote hauna jina la Kiswahili. Tunauita klamidia, neno tulilolikopa juzi tu kutoka kwa matabibu. Msomi wa lugha anapokumbana na pengo kama hili hana budi kujiuliza: kwa nini wahenga, walioyaona na kuyataja hayo mengine, hili hawakulitaja?

Lugha hutaja kinachoonekana. Kaswende huanza kwa kidonda, kisonono huja na usaha na maumivu wakati wa kukojoa, na pangusa ni donda lisilofichika kwa mwenye nalo. Klamidia aghalabu haina kidonda, haina usaha wala homa. Wanawake walio nayo, yapata 7 au zaidi katika kila 10, hawahisi lolote. Kwa wanaume ni karibu nusu. Methali yetu husema dalili ya mvua ni mawingu. Hii ni mvua inyeshayo bila wingu, na mwenye nyumba hutambua kuwa imenyesha pale anapokuta ukuta umeanguka.

Ukuta huo ni uzazi. Bakteria wa klamidia huingia kwenye mlango wa kizazi, na kwa baadhi ya wanawake hupanda hadi kwenye mirija inayopitisha yai kutoka kwenye ovari. Huko mwili hupigana naye, na mapigano hayo huacha makovu. Mrija wenye kovu huweza kuziba kabisa, yai lisikutane na mbegu ya kiume. Au huweza kuziba nusu, mimba ikatunga mumo humo mrijani na kuhatarisha maisha ya mama. Haya huweza kutukia miaka mingi baada ya maambukizi ambayo mwenyewe hakuwahi kujua kwamba anayo. Jamii isiyokuwa na jina la chanzo ikabaki na jina la matokeo: tasa. Neno hilo, kama kila mwanafunzi wa fasihi simulizi ajuavyo, halikuelekezwa kwa bakteria. Ngano ngapi za mwambao na za bara hufungua kwa mume na mke waliokaa miaka bila mtoto? Na ni nani katika ngano hizo anayehangaishwa kwa waganga, anayeletewa mke mwenza, anayerudishwa kwao?

Makala haya yananuia kumweleza msomaji wa Kiswahili juhudi moja ya miaka ya karibuni ya kuusoma ugonjwa huu mwilini mapema, kabla kovu halijajengeka. Juhudi hiyo inategemea molekuli ndogo mno ziitwazo maikro-RNA. Ieleweke tangu mwanzo kwamba kipimo cha namna hii hakijafika zahanati yoyote. Tunachokieleza ni utafiti, pamoja na sababu zinazoufanya utafiti huo ustahili kujulikana na watu wa lugha.

Vikope na klamidia: bakteria mmoja, hatima mbili

Kauli kwamba ugonjwa huu hauna jina inahitaji ufafanuzi. Bakteria mwenyewe, ambaye kwa jina la kisayansi ni Chlamydia trachomatis, huleta ugonjwa mwingine, na huo Kiswahili kinaujua vyema: vikope. Ni ugonjwa wa macho unaowasumbua watu wa maeneo makavu yenye uhaba wa maji, na hapa Kenya umekuwa tatizo la sehemu kama Turkana, Narok, Kajiado na Baringo. Wataalamu huzipanga aina za bakteria huyu kwa herufi: A hadi C ni za macho, na D hadi K ni za sehemu za siri. Hata hivyo spishi ni moja, na inavyofanya ni kama kule kule. Maambukizi hurudi tena na tena, utando wa ndani wa kope huvimba, uvimbe huacha kovu, kovu huukunja ukingo wa jicho kwa ndani, na nywele za kope hukwaruza jicho hadi mtu akapofuka.

Jichoni mambo hayo huonekana, na ndiyo sababu yakapewa jina. Mrijani hayaonekani, yakakosa jina.

Historia ya kugunduliwa kwake nayo ina kinaya chake. Mwaka wa 1907 Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek walikuwa kisiwani Java katika msafara wa kitabibu ulioongozwa na Albert Neisser, yule yule aliyemgundua bakteria wa kisonono mwaka wa 1879. Msafara ulikwenda kuchunguza kaswende. Wawili hao wakachukua majimaji kutoka kwenye macho ya wagonjwa wa vikope, wakawapaka orangutani machoni, kisha wakaona kwa hadubini vifuko vya ajabu ndani ya seli. Kwa miongo kadhaa baadaye wanasayansi wengi walidhani ni virusi, kwa kuwa kiumbe huyu haishi ila ndani ya seli ya mwingine. Ilikuwa hadi mwaka wa 1957 ndipo T'ang Feifan na wenzake wa Beijing walipotangaza kwamba wamefaulu kumkuza ndani ya mayai ya kuku. Almuradi, hata sayansi, yenye hadubini na maabara, ilichelewa kumjua kiumbe huyu. Si ajabu wahenga wetu wasimjue.

Vipimo vilivyopo vinajibu swali gani?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 129 ya klamidia, milioni 82 ya kisonono na milioni 7.1 ya kaswende. Yote matatu hutibika kwa dawa za viuavijasumu. Kwa klamidia, dawa iitwayo doksisaiklini humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 7. Tatizo, basi, si tiba. Tatizo ni kujua nani atibiwe.

Katika zahanati nyingi za Kenya, kama ilivyo katika nchi nyingine zenye uwezo mdogo wa maabara, tiba hufuata dalili. Mgonjwa huja akieleza kinachomsumbua, naye mhudumu hufuata mwongozo na kumpa dawa za magonjwa yote yanayoweza kuleta dalili hiyo. Utaratibu huu usidharauliwe. Jaribio lililofanywa katika mkoa wa Mwanza, Tanzania, kati ya mwaka wa 1991 na 1994 lilionyesha kwamba vijiji vilivyoboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwa njia hii vilipata maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yaliyopungua kwa takribani asilimia 40 yakilinganishwa na ya vijiji vingine. Ni matokeo makubwa. Lakini utaratibu huu unamtegemea mgonjwa anayehisi jambo na kulisema. Mficha uchi hazai, walinena wahenga, na kwa kisonono cha mwanamume methali hiyo inatosha kuwa ushauri wa daktari. Kwa mwanamke mwenye klamidia methali yenyewe inashindwa, kwa kuwa hana anachokificha. Hajui.

Vipo pia vipimo vinavyomtafuta bakteria mwenyewe, yaani chembe zake za urithi, katika mkojo au katika ute wa ukeni. Hivi ni sahihi sana. Mashine ya GeneXpert, iliyoenea nchini kwa ajili ya kifua kikuu, huweza kupima klamidia na kisonono ikiwekewa katriji inayofaa, na jibu likatoka kwa muda wa dakika 90 hivi. Kikwazo ni gharama ya katriji hizo na uchache wa vituo vinavyozipata. Lau serikali na wafadhili wangelitenga fedha kwa jambo moja tu leo, mwandishi wa makala haya angependekeza vipimo hivi viwafikie wasichana wengi zaidi kabla ya kuzungumzia molekuli mpya.

Hata hivyo, kipimo kilicho sahihi kabisa bado kina mpaka wake. Kinasema: bakteria yupo. Hakisemi amefika wapi, wala mwili unamjibu vipi. Miongoni mwa wanawake walio na klamidia isiyotibiwa, takribani 10 hadi 15 katika kila 100 hupata uvimbe wa viungo vya uzazi vya ndani. Waliobaki mwili wao humshinda bakteria, au humvumilia, bila madhara hayo. Je, hao 10 au 15 ni nani? Kipimo cha bakteria hakiwatofautishi na wenzao. Kipimo cha kingamwili nacho husema kwamba mtu aliwahi kukutana na klamidia, pengine miaka 10 iliyopita, lakini hakisemi kama mirija yake iko salama. Njia ya kujua ni kupigwa eksirei huku dawa ikipitishwa kwenye kizazi, au kupasuliwa tundu dogo tumboni na kutazamwa ndani kwa kamera. Njia hizi mwanamke huzifikia akiwa tayari ametafuta mtoto kwa muda mrefu akamkosa, na kovu limekwisha kukomaa. Hapa ndipo maikro-RNA inapoingia.

Maikro-RNA ni nini?

Tuanze na lile linalofundishwa katika shule za upili. Ndani ya kiini cha kila seli mna DNA, ambayo ni kama mswada asilia ulio katika hifadhi ya nyaraka: hauazimwi wala hautolewi nje. Seli inapohitaji kutengeneza protini fulani, hunakili ukurasa unaohusika. Nakala hiyo, iitwayo RNA ya ujumbe, hutoka nje ya kiini na kupelekwa mahali panapotengenezewa protini. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hadithi inaishia hapo: nakala ikitoka, protini hutengenezwa.

Maikro-RNA ni mhariri anayekaa kati ya nakala na mtambo wa kuchapa. Ni kipande kifupi mno cha RNA, cha herufi 22 hivi, kisichotoa maelekezo ya kutengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kuitafuta nakala fulani, kujishika nayo, na kuizuia isisomwe au kusababisha ivunjwevunjwe. Seli yenye maikro-RNA nyingi za aina fulani hupunguza protini fulani. Zikipungua, protini hizo huongezeka.

Inaitambuaje nakala yake miongoni mwa maelfu? Hapa mwanafunzi wa ushairi ana nafuu kuliko wengine. Alfabeti ya RNA ina herufi 4 tu: A, U, G na C. A hujibizana na U, na G hujibizana na C. Mshairi wa bahari ya tarbia hudai kina cha mwisho kilingane bila hitilafu, ilhali katikati ya kipande anao uhuru mkubwa wa maneno. Maikro-RNA nayo ina kina chake: herufi ya 2 hadi ya 8 sharti zijibizane sawasawa na herufi za nakala, zilizosalia huruhusiwa kulegea. Tofauti ni kwamba hapa sauti hazirudiwi bali hukamilishana, kama kitendawili na jibu lake. Kwa vile kina hicho ni kifupi, nakala nyingi hukitosheleza, jinsi kina cha "-ma" kinavyoweza kumaliza mishororo isiyohesabika. Ndiyo maana maikro-RNA moja huweza kudhibiti mamia ya nakala, na nakala moja huweza kudhibitiwa na maikro-RNA kadhaa. Jambo hili lina manufaa, na lina utata wake pia, kama tutakavyoona.

Ugunduzi wenyewe ulifanywa katika mnyoo wa urefu wa milimita 1 hivi, Caenorhabditis elegans. Mwaka wa 1993 Victor Ambros na wenzake Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum walionyesha kwamba jeni iitwayo lin-4 haitengenezi protini, bali kipande kifupi cha RNA. Gary Ruvkun na wenzake wakaonyesha kwamba kipande hicho huizuia nakala ya jeni nyingine, lin-14. Wengi walilichukulia jambo hili kuwa kioja cha mnyoo. Mwaka wa 2000 ikagunduliwa maikro-RNA ya pili, let-7, na punde ikabainika kwamba hiyo imo katika wanyama wengi, binadamu akiwemo. Leo inajulikana kwamba binadamu ana zaidi ya 1,000. Ambros na Ruvkun walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2024, miaka 31 baada ya mnyoo wao.

Jambo moja lisisahaulike katika mada yetu: bakteria hawana maikro-RNA. Wao wana RNA fupi za aina nyingine. Kwa hiyo maikro-RNA inayopimwa katika mgonjwa wa klamidia ni ya mgonjwa, haikutoka kwa mgeni aliyemwingia. Kipimo cha kawaida humtafuta mwizi. Maikro-RNA hueleza wenye nyumba wanafanya nini baada ya kumsikia.

Dalili na kiashiria

Tofauti ya dalili na kiashiria ifafanuliwe, maana katika mazungumzo ya kawaida tunaichanganya. Dalili ni kile mgonjwa anachokihisi au daktari anachokiona. Kiashiria cha kibayolojia ni kitu kinachopimika mwilini, kinachosema jambo ambalo huenda mgonjwa halijui, au halisemi.

Mfano wa karibu ulipatikana Kisumu. Watafiti walitaka kujua kama doksisaiklini, ikimezwa baada ya kujamiiana, ingewakinga wanawake vijana na magonjwa ya zinaa. Washiriki walikuwa 449, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2023: dawa haikupunguza maambukizi, na mengi ya maambukizi yaliyopatikana yalikuwa ya klamidia. Kwa maelezo yao wenyewe, washiriki waliitumia dawa mara nyingi. Lakini watafiti walikuwa wamechukua pia sampuli za nywele, na katika zile zilizochunguzwa kutoka kwa waliopewa dawa, doksisaiklini ilionekana katika asilimia 29 tu. Hatuna haki ya kuwalaumu wanawake hao. Mtu ana sababu zake za kuficha vidonge, hasa katika nyumba asiyoitawala. Funzo la mfano huu ni kwamba unywele ulitoa ushahidi uliobadilisha namna ya kuyasoma matokeo yote. Kiashiria kizuri hufanya kazi hiyo.

Je, maikro-RNA yaweza kuwa kiashiria cha namna hiyo? RNA kwa kawaida ni dhaifu. Ikiwa damuni peke yake huvunjwa upesi. Mwaka wa 2008 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kwamba maikro-RNA hudumu katika majimaji ya damu na huweza kupimwa humo, hata kwa kutofautisha wagonjwa wa saratani na wazima. Hudumu kwa sababu husafiri zikiwa zimefichwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta au zikiwa zimekumbatiwa na protini. Zimepatikana pia katika mate, katika mkojo na katika ute wa mlango wa kizazi. Huu ndio msingi wa matumaini yote yaliyofuata.

Yaliyokwisha kuonekana

Matokeo yaliyo wazi zaidi kuhusu bakteria huyu yametoka machoni. Sababu yake ni ile ile iliyovipa vikope jina: kope hugeuzwa, kovu likaonekana kwa macho, na ute ukachukuliwa kwa pamba palepale penye kovu. Mtafiti wa mirija ya uzazi hana fursa hiyo. Mwaka wa 2013 Tamsyn Derrick na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Gambia. Walipowalinganisha watu wenye makovu ya vikope na watu wenye macho mazima, waliona kwamba maikro-RNA mbili, miR-147b na miR-1285, zilikuwa zimepanda kwa wale ambao kovu lao liliandamana na uvimbe. Mwaka wa 2016 wakachapisha utafiti mwingine kutoka visiwa vya Bijagós, Guinea-Bissau. Huko, kadiri uvimbe wa jicho ulivyozidi, miR-155 ilipanda nayo miR-184 ikashuka. Mizani hii ya vitu viwili vinavyokwenda kinyume ina faida kwa mpimaji, kwani ni rahisi zaidi kuamini mabadiliko ya jozi kuliko ya kitu kimoja.

Kwa upande wa uzazi, ushahidi mwingi ni wa panya na wa seli zilizokuzwa maabarani. Katika panya walioambukizwa jamii ya klamidia yao, maikro-RNA za njia ya uzazi hubadilika, na baadhi ya zinazobadilika ni zile zinazohusika na kinga na ujengaji wa makovu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulifichua hila moja ya bakteria huyu. Yeye hutegemea nishati ya seli aliyoivamia, inayotengenezwa katika mitokondria. Seli iliyo taabuni huzikatakata mitokondria zake. Klamidia huifanya seli iongeze maikro-RNA iitwayo miR-30c-5p. Hiyo humpunguza p53, protini ya ulinzi. Na p53 ikipungua, protini ya kukatia mitokondria, Drp1, haiongezeki. Mitokondria zikabaki nzima, na mgeni akaendelea kula. Kwa maneno mengine, mwizi amemshawishi mhariri wa nyumba aliyoivunja.

Kaswende ina swali lake. Kipimo kimoja cha kingamwili za kaswende hubaki chanya kwa wengi maisha yote, hata baada ya tiba. Kingine hutarajiwa kushuka mgonjwa akishachomwa sindano ya penisilini, lakini kwa baadhi ya waliotibiwa hakishuki inavyotarajiwa, na daktari hubaki hajui kama ugonjwa ungalimo au ni kumbukumbu tu ya kinga. Watafiti wa Uchina wamelinganisha maikro-RNA katika seli za damu za wagonjwa hao na za wengine, wakaona tofauti. Kuhusu kisonono hatutasema mengi. Balaa lake kuu leo ni usugu wa dawa, na usugu ni tabia ya bakteria. Maikro-RNA za mgonjwa haziwezi kuieleza.

Tahadhari

Msomaji asije akadhani kwamba kipimo kiko njiani kuja wiki ijayo. Ule utajiri wa kina kifupi, unaoiwezesha maikro-RNA moja kugusa nakala nyingi, ndio udhaifu wake kama shahidi. miR-155 hupanda katika vikope, lakini hupanda pia katika baridi yabisi na katika baadhi ya saratani za damu. Mwanamke akipatikana nayo kwa wingi, imepandishwa na nini? Ndiyo maana watafiti hawatafuti maikro-RNA moja, bali kundi la kadhaa ambazo kwa pamoja zitoe sura ya ugonjwa mmoja, na sura hiyo isomwe pamoja na kipimo cha bakteria.

Uchukuaji wa sampuli nao una mitego. Chembe nyekundu za damu zimejaa miR-451 na miR-16; zikipasuka kwenye chupa kwa sababu damu ilitikiswa au ilicheleweshwa, hesabu yote huvurugika. Mtu anayejua barabara za kutoka zahanati za vijijini hadi maabara za mjini ataelewa uzito wa jambo hili. Isitoshe, tafiti nyingi zimekuwa na washiriki wachache, na kila maabara imekuwa na njia yake ya kulinganisha vipimo, hivi kwamba orodha ya maikro-RNA ya utafiti mmoja mara nyingi haifanani na ya mwingine.

Kinachokosekana zaidi ni muda. Ili kujua kama maikro-RNA fulani hutabiri kovu, yabidi ipimwe kwa watu ambao hawajapata kovu, kisha wafuatwe miaka kadhaa. Kwa vikope kazi ya subira kama hiyo imewezekana: kaskazini mwa Tanzania watoto walifuatwa kwa miaka 4 huku macho yao yakichunguzwa tena na tena ili kuona nani anapata kovu na jeni zipi zimeamka. Kwa mirija ya uzazi ni vigumu mno, wala haitakuwa halali kumwacha mwanamke mwenye klamidia bila tiba ili tuone kovu likijengeka. Watakaofuatwa ni waliokwisha kutibiwa, na swali litakuwa ni nani alipata dhara kabla ya kutibiwa.

Maneno ya fomu

Wanawake hao wataombwa kutia saini fomu ya idhini, na fomu hiyo, hapa kwetu, itaandikwa kwa Kiswahili. Atakayeitafsiri huenda akawa mmoja wetu. Hilo ndilo linalotuhusu moja kwa moja, na lina maamuzi magumu kuliko uteuzi wa istilahi ya maikro-RNA, ambayo mwandishi huyu angeiacha ilivyo, kwa kuwa msomi wa Nairobi na wa Dodoma wataitambua bila taabu.

Uamuzi wa kwanza ni zinaa. Neno hili, tulilolirithi kutoka Kiarabu, lina maana ya kujamiiana nje ya ndoa. Mke ambaye hajamjua mwanamume mwingine, naye ameambukizwa na mumewe, ataambiwa na fomu kwamba ana ugonjwa wa zinaa. Mtoto mchanga aliyeambukizwa klamidia ya macho wakati wa kuzaliwa ataingizwa katika kundi hilo hilo. Wapo wanaopendekeza "maambukizi ya njia ya ngono". Ni maneno marefu, na wengine watayaona makavu, lakini hayamhukumu mtu. Katika fomu mwandishi angeyachagua haya, hata kama kichwa cha makala ya gazeti kingeendelea kutumia neno fupi.

Uamuzi wa pili ni tasa. Fomu za Kiingereza huzungumzia ugumba unaotokana na mirija, yaani huutaja mrija kuwa ndio wenye kasoro. Tafsiri ya haraka huweza kuandika "utasa wa mwanamke", na kosa likarudi lilikokuwa tangu ngano za kale. "Kuziba kwa mirija ya uzazi" ni maneno matano, yanaeleweka na bibi wa Lamu na msichana wa Kisumu, na yanaitaja sehemu iliyoumia badala ya mwenyewe.

Uamuzi wa tatu ni jina la ugonjwa wenyewe. Klamidia litabaki, hakuna haja ya kulifukuza. Ila mshiriki akiuliza ni ugonjwa gani huo asiowahi kuusikia, mhoji aliyefundwa vizuri aweza kumuuliza kama anavijua vikope. Akijibu kwamba anavijua, aambiwe kwamba mdudu ni yule yule, na kwamba hapa hakai jichoni.